Fundi Aliyekata Nguo za Mwanawe

Belo la mitumba likifunguliwa, Fundi hakusogea. Wanawake wenye maduka walivamia kwanza, wenye macho makali na viwiko, wakigombania zile nguo safi zinazoitwa kamera. Yeye alikaa nyuma yao juu ya kigoda, mikono juu ya magoti. Walipomaliza, wakaja wa daraja la pili, kisha wale wa kutafuta nguo ya shamba. Kilichobaki chini kinaitwa fagia: mashati yaliyotoboka kwapani, mapazia yaliyopauka upande mmoja, sketi zisizo na zipu, shuka zenye alama ya pasi. Hapo ndipo alipopiga goti akaingiza mikono yote miwili, kama mtu anayetafuta viazi vilivyosahauliwa ardhini baada ya mavuno.

Alishona mablanketi ya viraka. Alikuwa na cherehani pia, ya kurekebishia suruali za watu, lakini mablanketi aliyashona kwa mkono, kwenye baraza ya duka lililofungwa, si mbali na soko la nguo hapa Busia. Sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Hata mwenye nyumba alipokuja kudai kodi aliita, "Fundi!"

Mimi nilimjua kwa sababu ya karatasi. Nauza njugu karanga kwenye foleni ya malori, na njugu huwekwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Karatasi hiyo naipata kwa Nnalongo, mama wa Kiganda aliyezaa mapacha, ambaye huleta mivumba kutoka ng'ambo. Mitumba yetu wao huiita mivumba. Pamoja na nguo huleta magunia ya vitabu vikuukuu vinavyouzwa kwa kilo. Fundi naye alinunua vitabu hivyo hivyo. Siku ya kwanza tulishika kitabu kimoja, yeye jalada la mbele, mimi la nyuma, na hakuachilia.

"Kijana, hiki unataka kufungia njugu?"

"Ndiyo, mzee."

"Hii imekaa na panya. Dereva atatapika mpaka Eldoret. Wachana nayo, chukua ile gazeti."

Nikaachilia. Mimi si mtu wa kubishana. Nnalongo alicheka mpaka akashika kiuno.

"Ssebo, huyu mzee atakuvua hata suruali!"

Baadaye niliona alivyovitumia. Alikata ukurasa kwa umbo la pembe sita, kama chumba cha nyuki. Akaweka karatasi hiyo juu ya kitambaa, akakunja kingo za kitambaa juu yake, akazishika kwa uzi mrefu mrefu. Karatasi ndiyo iliyofanya kitambaa kisimame na pembe zitokee kali. Kisha alishona kipande kwa kipande. Karatasi haikutolewa mpaka kipande kiwe kimezungukwa na wenzake pande zote. Ukiitoa mapema, kipande hulegea na blanketi zima hupinda. Mwisho aliweka shuka kuukuu nyuma, blanketi lililochakaa katikati, akashona yote matatu pamoja. Blanketi hilo lilikuwa zito. Ukilala chini yake unahisi mtu amekushika.

Hakukata kila kitabu. Biblia hakukata, wala Kurani, wala kitabu cha nyimbo. Alipovikuta aliviweka kando, na pasta au maalimu akipita alimwita na kumpa. Vitabu vya karatasi ya kung'aa alinitupia mimi. "Hii inateleza, inakataa sindano," alisema. Alipenda vitabu vya shule vya zamani, na zaidi vya hesabu. Alikunja kona ya ukurasa, akasikiliza. Ikivunjika, hakutaka. Ikikunjika kimya, akapima kilo.

Mara moja nilimuuliza kama haoni huruma. Kulikuwa na hadithi aliyokuwa ameikata katikati. Mtu alikuwa ameingia msituni kumtafuta dada yake, na sehemu ya kutoka ilikuwa imekwenda na mkasi. Mimi nilimaliza darasa la nane tu, na hadithi nikiianza napenda kuimaliza, hata kama ni polepole.

"Wewe unafungia njugu, mimi nafungia usingizi," alinijibu. "Sasa ni nani wetu amesoma?"

Kuna jambo ambalo kila aliyefika barazani pale alilijua. Mwanawe wa pekee, Wandera, alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la kwenda Juba. Lori liliteketea njiani, mbali huko. Mwili wa dereva uliletwa. Wa Wandera haukuonekana. Kwa watu wa kwao, upande wa Butula, mtu akifia mbali asipatikane, huzikiwa mgomba. Hukatwa shina la ndizi la kimo chake, likavishwa nguo zake, likalazwa kaburini. Watu hulia, hunyolewa, mambo yakaisha. Fundi alikataa. Alisema hawezi kuzika mti na kuuita mtoto wake.

Na mradi yeye hakuzika, mke wa Wandera alibaki amefungwa. Jina lake Nabwire. Alikuwa binti mdogo bado, ana mtoto mmoja wa kike, anaishi kwa baba mkwe wake hapa mjini, si mke wala si mjane. Hakuweza kuolewa. Hakuweza kurudi kwao na kusema yameisha, kwa kuwa hayakuwa yameisha. Kila kitu katika maisha yake kilingoja neno la mzee mmoja aliyekaa barazani na sindano.

Watu wa mbali walipomsifu Fundi nilinyamaza. Na walipomlaani nilinyamaza pia.

Alikuwa na tabia ya kuweka pini mdomoni, nyingi, zimepangwa kati ya midomo. Alizungumza nazo humo humo. Mteja akianza kuteta juu ya bei, Fundi aliongeza pini nyingine, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo. Ukimwona anazitoa moja moja na kuzichoma kwenye mto wake mdogo, ujue kuna neno linakuja, na si la mchezo.

Lakini mchezo ulikuwepo. Matanboi waliposhuka kwenye malori kunyoosha miguu walipenda kumchokoza.

"Fundi! Nishonee suti ya viraka, nataka kuoa."

"Lete kwanza huyo msichana nimwangalie macho."

"Macho ya nini, mzee?"

"Nione kama ni kipofu. Kama anaona, utapoteza nguo yangu bure."

Walipiga makofi, wakanunua njugu kwangu, wakaondoka wakimwigiza. Wakishaenda, yeye alifuata lori kwa macho mpaka lilipofika kwenye kizuizi. Kisha akainama tena.

Kuhusu rangi alikuwa na msemo. "Rangi mbili zikichukiana, usizitenganishe. Ziwekee jirani wa tatu." Na kuhusu kazi yake alisema, "Bibi arusi na maiti wanapimwa na tepe moja." Huo wa pili aliacha kuusema baada ya lori.

Aliacha na kitu kingine. Zamani, akitaka kujua kama kitambaa ni pamba, alichomoa uzi mmoja akauwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Nailoni hujikunja, ikaacha tone jeusi linalonata. Sisi tulizoea harufu hiyo. Baada ya habari za Juba nilimwona akiwasha mara moja tu. Uzi ulijikunja, naye akautazama mpaka moto ukamfikia kidoleni, na hakutikisa mkono. Tangu siku hiyo alipima kwa mate. Alilowesha kitambaa kwa kidole akangoja aone kama unyevu unazama. Ilichukua muda, na wauzaji walilalamika kwamba anawachafulia nguo. Nnalongo aliwaambia wanyamaze.

Mto Nzoia ulipovunja kingo, watu wa Rukala walihamia kwenye madarasa ya shule na kulala juu ya madawati. Wakati huo Fundi alikuwa amemaliza mablanketi ya mtu mwenye nyumba ya wageni, kazi ya miezi. Aliyafunga kwa kamba nyuma ya pikipiki akayapeleka yote Rukala. Mwenye nyumba ya wageni alikuja akipiga kelele.

"Mzee, wewe ni mwizi! Wageni wangu watalala na nini?"

"Wageni wako wana kitanda," alisema Fundi, pini mdomoni. "Ngoja. Nitakushonea mengine."

Akamshonea mengine, akakesha nayo macho yakiwa mekundu. Kwa hiyo hakuwa mtu wa roho ngumu. Hilo ndilo lililonisumbua. Mtu aliyeweza kuwahurumia watu wa Rukala asiowajua hata kwa sura, alishindwa kumhurumia yule aliyempikia chakula.

Maana Nabwire ndiye aliyemletea chakula cha mchana, kwa miguu, sufuria imefungwa kwa leso. Aliiweka kwenye ukingo wa baraza na kurudi nyuma, kama inavyompasa mke wa mwana mbele ya baba mkwe. Mtoto yeye hakuwa na heshima hizo. Alipanda mpaka mapajani pa babu yake. Kazi yake ilikuwa kutoa karatasi. Vidole vyake vilikuwa vidogo, viliingia nyuma ya viraka na kuchomoa pembe sita za hesabu bila kuharibu mshono. Alizipanga sakafuni akajifanya anasoma. Fundi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sidhani kuna mwalimu aliyewahi kusikilizwa namna ile.

Alikata nguo za Wandera baada ya mwanamke mmoja wa Osieko kuja. Mwanamke huyo alikuwa mchuuzi wa samaki, na mume wake alikuwa amezama ziwani. Alileta nguo za marehemu kwenye mfuko wa sukari, akaomba ashonewe blanketi la watoto wake, wapate kujifunika baba yao. Fundi hakuwahi kushona kitu kama hicho. Alizishika nguo zile muda mrefu.

"Ulimwona?" aliuliza.

"Tulimpata matopeni, karibu na matete."

"Basi una bahati, mama."

Mwanamke alimtazama kama ametukanwa. Lakini blanketi alilipenda. Nililiona. Mifuko ya mashati Fundi aliiacha ilivyokuwa, watoto wapate mahali pa kuingiza mikono.

Wiki hiyo hiyo wazee wa ukoo walipeleka neno kwamba wanakuja kumaliza jambo la Wandera. Kijijini alikuwa amewakwepa mara nyingi, kwa hiyo walimfuata mjini. Walikuja watatu, na mkubwa wao alikuwa na fimbo. Nabwire alikuwa amefika na sufuria dakika ile, akasimama nayo mkononi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa nguzo, nasokota karatasi zangu.

"Ndugu yetu," alisema mzee wa fimbo, "hatukuja kugombana. Mgomba tumechagua, ni mzuri, umenyooka. Tupe nguo za mtoto. Shati na suruali, hivyo tu."

Fundi aliinama chini ya meza akatoa katoni ya sabuni. Akaisukuma mbele kwa mguu.

"Hizo hapo."

Mzee aliingiza mkono. Ulitoka na vipande vya pembe sita. Jinzi. Jezi ya mpira. Shati jeupe la kanisani. Vyote vimekatwa, vyote vimekunjwa juu ya karatasi za vitabu, hakuna kimoja kilichounganishwa na kingine.

"Nguo ziko wapi?"

"Ndizo hizo."

"Zote?"

"Zote. Hata soksi."

Mzee alirudisha mkono haraka kama ameshika nyoka. "Umemkata mtoto vipande!"

"Nimekata nguo," alisema Fundi. "Mtoto mmeniletea wapi nimkate?"

Wakatazamana. Mdogo wao akajaribu kuokoa safari. "Si azishone basi, tufunike mgomba na hiyo blanketi?"

"Maiti haivai viraka," mzee wa fimbo alimkaripia. "Hata maskini wa mwisho analala na nguo nzima."

"Tununue dukani?"

"Ya duka haijawahi kubeba mtu. Lazima iwe imevaliwa. Na lazima itoke mkononi mwa baba yake. Sisi hatuwezi kumvisha mtoto wa mtu kwa nguvu."

Waliondoka, na mmoja wao alitema mate barabarani. Fundi alikuwa ameshinda. Alijua desturi yao kuliko walivyofikiri, na aliikatia pale pale ilipoungana. Nabwire aliweka sufuria mahali pake. Akainama juu ya katoni, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya akiwa karibu hivyo na mzee. Akachukua kipande cha shati la kanisani. Alikuwa amelifua shati lile Jumamosi nyingi. Alikigeuza, akaona hesabu nyuma yake, akakirudisha, akaenda zake.

Katoni ile haikufanyiwa kazi. Nilidhani atashona, hakushona. Alikata tu, ili pasiwe na nguo ya kuvisha.

Muda ulipita, malori yakazidi, mimi nikaongeza mayai ya kuchemsha. Nikasikia kwamba kuna mchomelea mageti Malaba anayemtaka Nabwire. Si kwa uhuni. Alitaka kuja kwa wazazi wa Nabwire na mambo yake yawe sawa. Siku moja Nabwire alimwambia Fundi mwenyewe, amesimama chini ya baraza, uso ameuelekeza barabarani.

"Baba, kuna mtu Malaba."

"Mtu gani?"

"Ni mtu wa kazi. Anasema atangoja."

"Una mume."

"Yuko wapi, Baba?"

"Hajarudi."

 Nabwire akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi nimekuwa kama mzigo umezuiliwa kastamu. Mwenye mzigo haonekani, na hakuna mwingine anaweza kunifungulia."

Fundi alivuta uzi mpaka mwisho. "Mzigo wa mwenyewe haufunguliwi na mtu mwingine."

Mtoto alikuwa sakafuni, amepanga karatasi zake, anasoma kwa sauti namba ambazo hazikuwepo.

Waliondoka asubuhi moja Fundi akiwa sokoni. Nabwire alikuwa amefagia uwanja, ameosha vyombo vyote na kuvigeuza juani, na ufunguo ameuacha kwa jirani. Mtoto alikwenda naye. Fundi alimwambia kila aliyeuliza, "Wameenda kutembea kidogo." Aliendelea kusema hivyo mpaka watu wakaacha kuuliza.

Kazi yake iliharibika. Si mshono, mshono ulibaki mzuri. Ni karatasi. Alianza kuzisahau ndani. Mke wa wakala mmoja wa forodha alikuja na blanketi begani, amekasirika, lakini anacheka pia.

"Fundi, hii blanketi yako inaongea!"

"Inaongea aje?"

"Mume wangu akigeuka, kra-kra-kra. Nikigeuka mimi, kra-kra-kra. Watoto wanauliza mnakula nini huko ndani."

Sote tulicheka, hata yeye. Kisha akachukua kiwembe, akaanza kufumua. Ilikuwa ni blanketi zima, kutoka nyuma hadi mbele. Alijaribu kutoa karatasi kwa vidole vyake vinene na zikachanika, akabaki akiokota vijipande kwa ncha ya sindano. Nilimwambia nimsaidie. Alikataa kwa kichwa. Watu wawili wengine walirudisha yao kabla mvua hazijaisha.

Kutoka Malaba habari zilikuja na madereva. Nabwire alizaa na yule mchomeleaji. Wa kwanza hakulia. Wa pili alilia kidogo. Sokoni walisema ilikuwa lazima iwe hivyo, kwamba mwanamke ambaye kaburi la mumewe halijafungwa hawezi kulaza mtoto mwingine akaamka. Walisema hivyo wakipima nguo, wakirudishiana chenji. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba Nabwire aliamini.

Alikuja mwenyewe. Alikuwa amekonda na kitambaa cha kichwa amekifunga chini mpaka kwenye nyusi. Hakupanda barazani. Mimi alinisalimia kwa mkono, maana tulizoeana. Fundi akamwamkia kutoka mbali.

"Baba, nimekuja kuomba kaburi."

Sindano ya Fundi ilisimama.

"Siombi shamba," alisema. "Na mtoto wa Wandera siwanyimi, huyo ni wenu, nitamleta amlilie baba yake. Naomba umlaze mume wangu. Nikilala namwona amesimama mlangoni, hawezi kuingia, hawezi kwenda. Na hawa wengine wanamkuta hapo wakija."

"Na akirudi?" Fundi alisema. Sauti yake ilipita kati ya pini kama ya mtu mgonjwa. "Akirudi akute tumemzika?"

"Akirudi, Baba, nitapiga magoti mbele yake. Nitamwambia ni mimi. Lakini hawa wawili hawarudi. Hao nimewaona mimi mwenyewe, nimewaosha."

Fundi alianza kutoa pini. Moja, akaichoma kwenye mto. Nyingine. Nabwire alingoja na mimi nikangoja. Lori lilipiga honi ndefu, tanboi akamtukana mtu wa mkokoteni. Fundi alitoa pini ya mwisho. Alimtazama mwanamke yule usoni, jambo ambalo pia haliruhusiwi, na nadhani ni hapo alipoona kwamba Nabwire amezeeka.

"Nenda," alisema. "Nitakuita."

Aliondoka bila kugeuka. Fundi alibaki ameshika kitambaa ambacho hakukishona tena siku ile.

Nilimwona baada ya hapo kabla ya Jumamosi iliyopangwa kwa maziko. Nilikuwa natoka kwenye foleni na ndoo tupu. Alikuwa kwa muuzaji mmoja mgeni, kijana wa rika langu, mwenye mashati mazuri yaliyoning'inizwa kwenye waya. Fundi alikuwa akiyapitia moja baada ya jingine. Alitazama ndani ya kola, akavuta vifungo, akainua kwapa kwenye mwanga.

"Wewe wa njugu, kuja."

Nikaweka ndoo chini. Alichukua shati moja akalipima mgongoni kwangu, akalirudisha. Jingine lilikuwa fupi mikono. La tatu lilikuwa jeupe lenye mistari myembamba ya buluu, halina doa, halina kifungo kilichopungua.

"Vaa."

Nilimtazama. Sikuhitaji kuuliza ni la nani. Kwetu hakuna mtu anayeingia ndani ya nguo inayokwenda kaburini, na mtu mwingine yeyote pale sokoni angekataa, na angekuwa na haki. Fundi alisogea karibu, ili muuzaji asisikie.

"Mlikuwa kimo kimoja," alisema. "Wazee wamenipeleka kuuona. Mgomba hauna mabega. Siwezi kupimia mgomba."

Nikavua langu, nikalivaa. Lilikuwa na ubaridi. Alinifunga vifungo yeye mwenyewe, kuanzia chini mpaka shingoni, kama mtoto anayepelekwa kanisani. Akavuta mikono ya shati ifike kwenye vifundo. Akapapasa mshono wa bega la kushoto kwa kidole gumba, akauona uko sawa. Akarudi nyuma hatua chache.

Muuzaji alifurahi. "Mzee, si ndiyo hiyo! Imemkaa kijana wako kama amezaliwa nayo. Nikuwekee na tai?"

"Tai hapana."

"Sawa, boss. Na akifika nyumbani akiona inambana, alete nimbadilishie. Mimi niko hapa kila siku."

"Haitarudishwa," alisema Fundi.

Alilipa bei aliyoambiwa. Muuzaji akakunjua mfuko wa karatasi, akaupuliza ufunguke, akanyoosha mkono apewe shati. Nikaanza na kifungo cha juu. Fundi aliniwahi, akanishika kiwiko. 

"Usivue bado," alisema.

Nikateremsha mikono, nikasimama.